Opereta Aliyekataa Kusaini Kifo cha Rauta

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mganga Mkuu alimwita Opereta, wafagiaji walimwita Opereta, na kuna mwezi mmoja karani alijisahau akaliandika hilo hilo kwenye orodha ya zamu, likabandikwa ubaoni na mhuri juu. Karani huyo ni mimi. Nilikaa masjala miaka kumi na saba, kila barua ya hospitali ikipita mikononi mwangu, kwa hiyo kisa chake nakijua, pamoja na vipande ambavyo wakubwa wangependa visahaulike.

Jina lilitokana na kazi yake ya kwanza. Aliingia akiwa binti wa miaka kumi na tisa, akawekwa kwenye chumba cha simu nyuma ya mapokezi, masikioni ana vipokea sauti, mkononi nyaya za kuchomeka. Daktari akitaka maabara, Opereta anachomeka. Ndugu wa mgonjwa akipiga kutoka mbali huku analia, Opereta anamtuliza kwanza, halafu anachomeka. Namba mia mbili na kumi na mbili za ndani alikuwa nazo kichwani, na hata leo ukimshtukiza atakutajia ya chumba cha maiti bila kufikiri.

Ubao wa simu ulipoondolewa, maopereta wenzake wanne walipewa barua za shukrani wakaenda makwao. Yeye barua aliirudisha. Alimwambia ofisa utumishi wa wakati ule kwamba nyaya za hospitali nzima zinapita ukutani na juu ya dari, na hakuna mwingine anayejua zinatokea wapi; wakimwondoa, siku simu ya chumba cha upasuaji ikinyamaza watabomoa ukuta upi? Ofisa alikuna kidevu, akampa kazi ya kubeba ngazi kwa mafundi wa mtandao. Aliibeba miaka miwili. Mwaka wa tatu mafundi ndio walikuwa wanamuuliza yeye.

Shule yake ilikoma kidato cha nne. Mengine aliyapata kwenye vitabu vya mafundi, vile vinene kama tofali, alivyovifunika kwa magazeti na kuvisoma kwa miwani iliyofungwa kamba ya kiatu. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na neno lake lilikuwa moja: "Nionyeshe." Ukimwambia printa imekufa, nionyeshe. Ukimwambia mtandao unasuasua, nionyeshe. Wengine liliwaudhi. Mimi lilinipendeza, kwa sababu ofisini maneno ni mengi na vya kuonyeshwa ni vichache.

Hospitali ile ina majengo mawili yanayotazamana, katikati barabara. Jengo jipya lina lifti na vioo. Jengo la zamani lina ngazi za saruji zilizolika katikati kwa kukanyagwa, na ndani yake kipo chuo cha wakunga. Mkuu wa chuo tulimwita Matroni, mama mrefu mkavu aliyezalisha nusu ya wafanyakazi wa hospitali na kuwakaripia nusu iliyobaki.

Kila Jumatano saa tatu asubuhi kulikuwa na somo. Daktari wa wazazi alisimama kwenye chumba cha mafunzo cha jengo jipya, mbele ya mdoli wa mpira na kamera mbili, akaonyesha kazi kwa mikono: mtoto aliyetanguliza miguu anapokewaje, damu inayomwagika baada ya kujifungua inazuiwaje. Picha ilikwenda kwenye madarasa ya jengo jipya, ikavuka barabara hadi chuoni, na kutoka chuoni ikafuata laini mpaka kwenye zahanati mbili za mbali, ambako mkunga mmoja mmoja alikaa mbele ya kioo kidogo na daftari lake. Zahanati hizo hazikuwa na daktari. Walichojua wakunga wale kuhusu damu walikijua kwa Jumatano hizo.

Opereta ndiye aliyeuunda mpango huo, miaka kumi na moja nyuma. Alinieleza siku moja akila mkate kwenye meza yangu.

"Picha haitumwi mara nane, karani. Inatumwa mara moja tu. Kwenye kila njia panda ipo rauta, na rauta inatoa nakala kwa yule aliyeomba. Asiyeomba hapati, na njia haijazani."

Nikamuuliza wanaomba kwa nani. Akasema kila chaneli ina rauta moja inayowakutanisha wenye kutuma na wenye kuomba, na kwa chaneli za chuo ni ile iliyo kwenye kabati la chini ya ngazi za jengo la zamani. Nikakumbuka kabati hilo. Huvuma kama nyuki.

Mwaka ninaousimulia, hospitali ilipata rauta mpya kwa jengo jipya. Zilifika kwenye maboksi meupe, na pamoja nazo akafika injinia wa kampuni iliyoziuza, bwana wa makamo mwenye shati la kunyooshwa na vyeti kumi na vinne, ambavyo alivitaja. Mkuu wa idara ya mitambo, bosi wake Opereta, alimpokea kwa mikono miwili. Kazi ikaenda siku sita. Madarasa ya jengo jipya yalipewa chaneli zao mpya, zinazokutanishwa na rauta mpya. Chaneli sita za chuo zikaachwa kwa rauta ya zamani, kwa sababu visanduku vya kupokelea huko chuoni na kwenye zahanati vilipangwa hivyo, na kubadilisha kimoja kimoja kulihitaji gari na safari. Opereta aliomba gari. Jibu likaja kwamba hilo litaangaliwa awamu ya pili. Mimi nimehifadhi mafaili ya awamu ya kwanza mia na kidogo. La awamu ya pili sijapata kuliona.

Jumatano ya kwanza, saa tatu, madarasa ya jengo jipya yaling'aa. Chuoni kioo kilibaki cheusi. Zahanati zikapiga simu kuuliza kama daktari anaumwa.

Injinia alivuka barabara, akafungua kabati, akalitazama kwa muda ambao mtu hutazama saa. Akasema kifaa hiki ni cha enzi zilizopita, hakitangamani na vya sasa, kimekwisha. Bosi akaitikia kwamba la kuvunda halina ubani. Kabla ya saa sita fomu ilikuwa imechapwa: hati ya kufuta kifaa, yenye nafasi ya saini ya fundi mhusika. Fundi mhusika alikuwa Opereta.

Hapo lazima niseme kilichokuwa nyuma ya fomu ile. Jengo lisilo na mtandao, kwa sheria za hospitali, haliwezi kuwa na madarasa. Bosi alikuwa na mchoro mezani, niliuona nilipopeleka barua: ghorofa ya juu ya chuo imegawanywa ofisi, na kubwa kuliko zote, ile ya kona yenye madirisha mawili, imeandikwa idara ya mitambo. Wanafunzi wangegawana madarasa ya jengo jipya jioni, wakipata nafasi. Zahanati zingesubiri awamu ya pili.

Opereta aliitwa. Nilikuwa mlangoni nikisubiri saini ya jambo jingine, nikasikia. Bosi alimsogezea kalamu na kumwambia asaini, ni utaratibu tu. Yeye aliisoma fomu mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo ya chini.

"Mkuu, utaratibu wa kuzika ni kuhakikisha kwanza mtu amekufa."

"Injinia amethibitisha."

"Anionyeshe."

Bosi alimkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Opereta akasema guu lake hili hapa, akaiacha kalamu mezani, akatoka. Alinipita mlangoni bila kuniona.

Siku mbili zilizofuata alizimaliza chini ya ngazi za chuo, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, wanafunzi wakimruka kwenda juu. Hakuwa na haraka. Rauta ya zamani ina kumbukumbu ya kila inachopokea na kila inachotupa, na yeye aliisoma kumbukumbu hiyo mstari kwa mstari. Siku ya pili akaja masjala, vumbi hadi kwenye nyusi, akanitandikia karatasi. Kulikuwa na namba moja aliyoizungushia kalamu nyekundu: vifurushi elfu arobaini na moja vimetupwa, sababu, hesabu mbaya.

Alinieleza taratibu, na mimi nisiyejua hata kubadilisha wino wa printa nilielewa. Somo likianza, rauta mpya hulifunga kwenye vifurushi na kuvipeleka kwa ile ya zamani, kuiarifu kwamba chaneli iko hewani. Kila kifurushi kimeandikwa juu yake jumla, ili mpokeaji ahesabu upya aone kama kimeharibika njiani. Rauta mpya hujumlisha kichwa cha kifurushi peke yake. Ya zamani imefundishwa kujumlisha kichwa na mwili wote. Kifurushi kile kile, majibu mawili. Kwa hiyo ya zamani ilipokea, ikahesabu, ikaona jumla hazilingani, ikakitupa bila kusema neno. Kisha kingine. Mara elfu arobaini na moja.

"Wananiambia imekufa," alisema. "Maiti hakatai kitu."

Dawa ilikuwepo. Aliikuta kwenye kitabu cha hizo hizo rauta mpya, ukurasa wa mia sita na kitu, aya ya mistari mitatu: ukiwa na jirani wa zamani, unaiamuru rauta mpya ijumlishe kifurushi kizima, na unaipa orodha ya chaneli zinazohusika, ili nyingine zisiguswe. Mstari mmoja na orodha ya namba sita. Waliozitengeneza rauta walijua kwamba wazee wapo na wakawawekea njia. Injinia hakufika ukurasa huo.

Aliandika ombi la kuuweka mstari huo, akalileta nikaligonga mhuri. Jibu la bosi lilirudi siku ile ile, maneno mawili: usiguse chochote. Kesho yake nywila yake ya kuingia kwenye rauta mpya ikafutwa. Keshokutwa ikaja barua ya kumtaka ajieleze, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini anakaidi agizo la kusaini.

Mimi mwenyewe nilimshauri asaini. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilimwambia yeye ni mdogo, wao ni wakubwa, na ana miaka sita tu kabla ya kustaafu. Alinitazama kama anayetazama waya uliokatika, akasema barua hiyo niigonge mhuri wa kupokelewa vizuri, usije ukafifia.

Nyumbani kwake nako hakukuwa shwari. Mumewe alikuwa mchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, na mama mkwe wake aliishi nao tangu magoti yalipomgomea. Siku ile ya barua nilipita kwao kumpelekea nakala, nikawakuta sebuleni. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuhadithiwa na alikuwa na hukumu tayari.

"Mwanangu, mwenye nguvu mpishe," alimwambia. "Saini ni wino tu. Haiumi."

"Nimempisha miaka thelathini na mitano, mama. Nimefika ukutani, hakuna pa kupisha tena."

Mama mkwe alimgeukia mwanawe, akitaka amsaidie. Mchomelea vyuma alikuwa akifuta mikono kwa tambara. Alisema kwamba kazi ya kuchomelea ina ubaya mmoja: ukisema chuma kimeshika na hakijashika, siku moja ngazi itaanguka na mtu juu yake. Akaendelea kufuta mikono. Mama mkwe akauliza hao wakunga wa huko mbali ni wangapi. Alipoambiwa wawili, akauliza wanazalisha wanawake wangapi. Opereta hakujua idadi kamili, akasema ni kila mwanamke wa huko. Mama mkwe alizaa watoto saba, wawili hakuwalea. Hakulitaja hilo. Alisema tu kwamba kama ni hivyo basi hiyo kalamu wampelekee bosi mwenyewe asaini, mikono si anayo.

Maelezo ya Opereta yalikuwa ukurasa mmoja. Nimeyasoma mara nyingi. Yalisema kifaa hakijafa, kinafanya kazi na kinahesabu. Kwamba kosa ni tofauti ya hesabu baina ya majirani wawili. Kwamba dawa ni mstari mmoja na yuko tayari kuonyesha mbele ya yeyote. Mwisho aliandika: "Sitatia saini uongo. Naomba hili liwekwe kwenye faili langu." Nakala akaipeleka kwa Matroni.

Matroni hakuandika barua yoyote. Jumatano ya pili, saa tatu kamili, aliwapanga wanafunzi wake arobaini kwenye darasa lao, madaftari wazi, mbele ya kioo cheusi. Wakakaa saa nzima. Jumatano ya tatu vivyo hivyo. Mtu wa utawala alikwenda kumshauri awaruhusu wakajisomee. Matroni alijibu kwamba ratiba inasema Jumatano saa tatu ni somo la daktari, na yeye hajapata waraka wowote wa kubadilisha ratiba. Watakaa hapo mpaka picha ije au waraka uje. Waraka hakuna aliyethubutu kuuandika, kwa sababu ungehitaji saini, na saini ingehitaji sababu.

Habari ya wasichana arobaini wanaotazama kioo cheusi haikai chini. Wagonjwa walikuwa wakisimama dirishani kuwachungulia. Jumatano hiyo ya tatu Mganga Mkuu alivuka barabara mwenyewe. Alikuwa mpole, asiyependa ugomvi, na kwa muda mrefu alikuwa amelikwepa jambo hili kwa kuwaachia wataalamu. Alisimama nyuma ya darasa, akauliza kwa sauti ya chini wanafanya nini.

"Tunasubiri somo, daktari," Matroni alisema. "Fundi yupo, anasema anaweza kulileta. Amekatazwa."

Mganga Mkuu alikaa kwenye kiti cha nyuma dakika kumi nzima. Kisha akatoka, na mchana ule ule nikachapa agizo lake: Jumatano ijayo, saa mbili na nusu, Opereta aonyeshe, injinia na mkuu wa idara wawepo, na yeye atakuwepo.

Nilipewa kazi ya kuandika kumbukumbu, ndiyo sababu nilikuwa chumbani. Kilikuwa chumba cha mitambo cha jengo jipya, chenye baridi ya kiyoyozi na meza moja ya chuma. Kioo kimoja kidogo kilionyesha darasa la Matroni, wanafunzi wamekwisha kukaa. Opereta alivaa gauni lake la kawaida la kazi na miwani ya kamba. Injinia alikaa mbele ya kompyuta, kwa sababu nywila ilikuwa yake, na bosi alisimama nyuma yake kama mlinzi.

Kabla ya kuanza, bosi alitoa tahadhari. Alisema kuichezea rauta mpya kwa ajili ya kifaa chakavu ni kuhatarisha hospitali nzima, na kwamba kama madarasa ya jengo jipya yakizimika, anaomba ijulikane ni nani. Mganga Mkuu akamtazama Opereta.

"Ikizimika, ijulikane ni mimi," Opereta alisema. "Karani, andika."

Nikaandika. Alianza kusoma mstari kutoka kwenye karatasi yake, neno kwa neno, injinia akiupiga. Akasoma namba sita za chaneli. Injinia akabonyeza kukubali. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika nne, na daktari wa wazazi alikuwa amekwisha kumlaza mdoli mezani kwa majaribio.

Kioo cha chuoni kilibaki cheusi.

Tulisubiri. Ikapita dakika, ikapita ya pili. Madarasa ya jengo jipya yaliendelea kung'aa, hakuna kilichozimika, lakini chuoni giza lile lile. Injinia aliegemea kiti. Bosi alitoa ile fomu kwenye jalada lake na kuilaza mezani, na kalamu juu. Nilimwona Opereta akiitazama. Mikono yake ilikuwa imetulia, ila shingo ilikuwa imelowa, ndani ya baridi ile.

Hakuigusa kalamu. Alimwomba injinia asome kwa sauti orodha kama alivyoipiga. Injinia akasema ameipiga kama alivyoambiwa.

"Sijasema hukuipiga. Nimesema uisome."

Akaisoma. Ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa. Ya nne ilitakiwa kuishia na hamsini na moja. Alikuwa amepiga kumi na tano. Chaneli ya picha ndiyo hiyo hiyo ya nne. Hakuna anayejua kama ni kidole kilichoteleza au moyo. Mimi nasema kidole, kwa sababu uso wake ulibadilika rangi wenyewe kabla hatujasema. Alifuta, akapiga upya, akabonyeza.

Sikuhesabu sekunde, Opereta anasema zilikuwa tisa. Kioo cha chuoni kilikatika vipande vipande vya kijivu, kisha vikashikana, na ndani yake ikatokea mikono ya daktari ikikunja glavu. Nilidhani wanafunzi watapiga makofi. Hakuna aliyepiga. Arobaini wote waliinamisha vichwa wakaanza kuandika tarehe. Baada ya muda simu ya mezani ikalia. Ilikuwa zahanati ya mbali zaidi, mkunga akisema anaona picha, na kama inawezekana daktari arudie ya wiki tatu zilizopita, kwa sababu juzi aliihitaji na alibahatisha.

Hakuna aliyemuuliza kilichotokea juzi. Opereta aliiweka simu chini pole pole. Akaichukua ile fomu mezani, akaikunja mara nne, akampa bosi mkononi.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, wakamwinua juu. Hapana. Chuo kilibaki kwenye jengo lake, hilo ni kweli, na ofisi ya kona ikabaki kwenye mchoro. Lakini wiki mbili baadaye nilipokea kwa ajili ya Opereta barua ya onyo. Haikusema amekosea kuhusu rauta. Ilisema amekaidi agizo halali la mkuu wake, na kwamba matokeo ya baadaye hayaondoi ukaidi wa awali. Alitakiwa aombe radhi kwa maandishi, na ahamishwe kutoka jengo jipya kwenda kuhudumia jengo la zamani peke yake. Mganga Mkuu alikuwa ameipitisha. Nadhani alitaka kila upande upate kitu.

Uhamisho aliukubali bila ubishi; Matroni alimpa chumba chenye dirisha na meza isiyoyumba, vitu ambavyo jengo jipya halikuwahi kumpa. Radhi hakuomba. Barua yake ya majibu ina mistari minne, na kwa kuwa niliichapa mimi, naikumbuka:

"Barua yenu nimeisoma. Niliagizwa kushuhudia kwamba kifaa kimekufa, na kilikuwa hai. Nikiagizwa tena kesho nitakataa tena. Naomba onyo lifutwe."

Hawakulifuta. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alivuka barabara, akapanda hadi kwa ofisa utumishi, akauliza kama limefutwa. Akiambiwa bado, anashukuru, anaacha nakala nyingine ya barua ile ile, anashuka. Ofisa alifika mahali pa kumjua kwa kishindo cha viatu ngazini. Aliwahi kunilalamikia, kwamba onyo lenyewe ni jambo dogo, halina athari kwa kiinua mgongo, kwa nini huyu mama hataki kuliacha lipite. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Aliogopa kuambiwa nionyeshe.

Mwaka mmoja na nusu baada ya hapo, simu ya mkononi ya Opereta ililia akiwa masjala. Aliyepiga ni yule injinia. Alikuwa hospitali nyingine, mji mwingine, mbele ya rauta mpya zile zile na jirani wa zamani mkaidi, na vioo vyeusi. Alizunguka sana kabla ya kufika alipotaka. Aliuliza hali ya mume, ya mama mkwe, ya mvua. Mwisho akamwuliza kama ule mstari bado anao.

Alikuwa nao kichwani. Angeweza kumnyima, au kumchoma kwa maneno, na mimi kwa upande wangu nilitamani. Alimwambia hivi:

"Nitakupa sasa hivi, kaka yangu, hao wagonjwa hawana kosa. Ila na wewe niandikie leo, kwenye karatasi ya kampuni yenu, kwamba rauta yetu ilikuwa hai siku ile uliyosema imekufa. Na utie saini."

Injinia akasema ataandika. Opereta akamtajia mstari, polepole, herufi kwa herufi, na akamkumbusha aisome orodha mara mbili. Barua ilifika baada ya siku tano, aya mbili fupi, ina mhuri na saini ya bluu. Alinipa niiingize kwenye faili lake, nyuma ya onyo, na akasimama pale pale mpaka nilipoitoboa na kuifunga. Halafu akauliza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao inaangukia tarehe ngapi.